Gari Lililopiga Hodi

Kila jioni, saa kumi na mbili ikikaribia, gari la marehemu Mutsinzi lilipiga mishindo miwili kwenye mteremko wa Gikondo, mjini Kigali, pale barabara inapokata kona kuelekea nyumbani kwao. Paa! Kisha, baada ya kitambo kidogo, paa! Bibi Kabagwira, ambaye tangu saa tisa alikuwa amekaa kwenye kochi akiukodolea mlango macho, alishusha pumzi na kusema, "Huyo mwanangu. Leteni chakula." Chakula kikaletwa, akala mpaka akakwangua sahani. Hakuna aliyemkatiza amwambie kwamba Mutsinzi, mwanawe wa pekee, alikuwa na miezi tisa kaburini, na kwamba yeye mwenyewe alikuwepo siku ya kuzika, kwenye kiti cha plastiki, ameshikwa mkono huku na huku.

Aliyekuwa akiliendesha gari ni Alida, mjane wa Mutsinzi, karani katika shule moja ya Remera. Tuseme ukweli, Alida hakuwa mtu wa uongo. Alikuwa mmoja wa wale wanaokwambia kwamba gauni halikukai vizuri ukiwa umeshalivaa na harusi imeshaanza. Lakini wiki tatu baada ya mazishi mama mkwe wake aligoma kula. Kichwa cha bibi kilikuwa kimeanza kupotea kabla ya msiba, na msiba ukakimalizia; kila alipowekewa sahani alisema atakula mwanawe akirudi kutoka kazini. Alikonda hadi pete ikawa inamtoka kidoleni yenyewe. Ndipo siku moja ya mvua Alida akaliwasha gari, ambalo tangu msiba hakuwa amethubutu kuligusa, akaenda nalo kazini, na jioni liliposhuka kwenye kona ile likapiga mishindo yake kama zamani. Alipoingia ndani alimkuta bibi ameshika kijiko.

"Yuko wapi?" aliuliza bibi.

"Amefika, mama. Anaegesha gari."

Bibi akaridhika, na kufikia tonge la tatu alishasahau kwamba aliuliza. Tangu siku hiyo uongo huo wa maneno machache ndio uliomlisha. Alida aliusema kila jioni, akajichukia kila alipousema, na kila sahani iliporudi jikoni tupu akajisamehe.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Karina ya kijivu, kongwe, ambayo familia ilikwisha kuzoeana na kasoro zake. Lilianza kulipuka miaka miwili kabla ya msiba, na halikulipuka ovyo: ni pale tu dereva alipoondoa mguu kwenye mafuta na gari likaanza kuteremka lenyewe. Mutsinzi aliona ni kichekesho. "Wenzangu wanapiga honi getini," alikuwa akiwaambia wageni. "Mimi gari langu linapiga hodi lenyewe." Kila wiki aliapa kulipeleka gereji Jumamosi. Zilipita Jumamosi mia moja, kisha moyo wake ukasimama mchana kweupe ofisini, kalamu ikiwa mkononi.

Mishindo ile, hata hivyo, haikusikiwa na nyumba moja tu. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tatu, watu wa mtaa walitoka kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, majembe mabegani, baada ya kuzibua mtaro. Mukandekezi, mjane wa miaka sitini na kitu aliyekaa nyumba ya tatu kushuka chini, alimsubiri Alida pembeni mpaka wenzao wakatangulia kwenye mkutano.

"Mama Ihirwe," alisema. Hivyo ndivyo mtaa ulivyomwita Alida, kwa jina la binti yake aliyekuwa shule ya bweni. "Nimeona nisiliseme mbele za watu. Ni hilo gari lako."

"Linakupigia kelele?"

"Najua ni gari. Usiniambie ni gari, sha, mwenzangu, najua. Kichwa kinajua. Lakini miguu haikisubiri kichwa. Likilia hilo gari najikuta chini ya meza. Juzi nilikuwa na mgeni, mke wa mchungaji. Alinikuta chini ya meza, mtu mzima mimi, nimeshika sufuria." Akatazama udongo uliokauka kwenye jembe lake. "Na mwezi wa nne ndio huo unaingia. Mwezi wa nne silali hata kukiwa kimya."

Alida alielewa ni mwezi wa nne upi. Mwaka ule wa mauaji ya kimbari yeye hakuwepo nchini. Alikuwa Karagwe, upande wa Tanzania, alikozaliwa, ambako yeye na Mutsinzi walikutana na ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya mezani. Habari za mwaka ule alizisikia redioni. Mukandekezi aliziona, na kati ya watu saba wa nyumba yake alibaki yeye. Alida aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Miezi minane alikuwa akimtuliza bibi mmoja kwa kumtesa mwingine, na hakuwahi kujiuliza kelele ile inaishia wapi ikishapita kwenye ukuta wa nyumba yake.

"Jumatatu nitalipeleka kwa fundi," alisema.

Usiku wa Jumapili alijipa moyo hivi: bibi amesahau mazishi. Amesahau jina la Ihirwe, mjukuu aliyemlea mgongoni. Amesahau hata kwamba walihama Karagwe, kwani asubuhi nyingine huuliza kama ng'ombe wamekamuliwa. Mtu aliyesahau yote hayo atashindwaje kusahau kelele za gari? Atauliza siku mbili, tatu, kisha itapotea nayo. Hapo ndipo Alida alipokosea, na kosa lake lilikuwa la mtu aliyechoka, anayetaka hesabu ikubali.

Gereji ya Usumani ilikuwa mwendo mfupi kutoka nyumbani, nyuma ya maghala ya Gikondo. Usumani alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya kitambaa iliyokuwa nyeupe zamani. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini Kigali, cha kukata njia. Aliliwasha gari, akakanyaga mafuta, akayaachia, akasikiliza akiwa amefumba jicho moja.

"Hii iko inapiga nyuma, si mbele," alisema. "Ingekuwa inapiga mbele, kwa mdomo ya kuvuta hewa, ningekwambia usitoke nayo hapa. Nyuma ni mafuta. Inaingia kwa moteri, buji, hizi plagi, zimechoka, hazichomi yote. Mafuta inatoka mbichi." Akaingia uvunguni na kumwita ainame. "Na huku kwa bomba ya moshi iko tundu, ona. Ukitoa muguu, hewa inavutwa hapa. Mafuta mbichi, hewa, chuma ya moto. Inawaka huku huku ndani ya bomba. Paa!"

"Inaliharibu gari?"

"Mara moja moja, hapana. Makelele tu, gari haisikii kitu. Lakini kila siku, miaka mbili?" Akaligonga bomba kwa kiganja, na ndani yake kikacheza kitu kama kokoto kwenye kopo. "Unasikia? Hii ni masega, inasafisha moshi. Imeanza kuvunjika. Ikianguka yote inaziba, gari inakosa pumuzi. Na valvu nazo zinaungua pole pole. Bwana wako nilimwambia. Alicheka."

"Alikuwa anacheka kila kitu," alisema Alida.

Usumani alimaliza mchana. Aliweka plagi mpya nne na nyaya zake, akakata kipande cha bomba chenye tundu na kuchomelea kingine. Kisha akafanya alivyofanya kwa kila mteja, kama alivyofundishwa na aliyemfundisha kazi: akafungasha vyuma vya zamani kwenye karatasi ya mfuko wa saruji na kumkabidhi mwenye gari. Mtu lazima aone alichotolewa, ndivyo alivyosema siku zote, asije akadhani ametengenezewa maneno. Alida akautupa mzigo ule kwenye buti bila kuutazama.

Jioni hiyo gari liliteremka kwenye kona kimya kabisa. Alida alisikia matairi yakisaga changarawe, akasikia kengele ya baiskeli, vitu ambavyo hakuwahi kuvisikia mahali pale. Mukandekezi alikuwa amesimama kwenye kizingiti chake, akampungia mkono wote, kama mtu anayeaga msafiri wa mbali.

Ndani, bibi alikuwa anautazama mlango. "Leo amechelewa," alisema, wala hakumtazama mkamwana wake.

"Amefika, mama. Anaegesha gari."

"Gari gani? Sijasikia gari." Akaisukuma sahani taratibu, kwa adabu, kama mgeni aliyeshiba. "Nitakula naye."

Siku ya pili Alida alipiga honi getini mara mbili, kwa nguvu. Bibi alikunja uso. "Nani huyo asiye na adabu? Mutsinzi hapigi honi." Siku ya tatu alikunywa maziwa vijiko viwili, akakitema cha tatu. Mutoni, mama aliyekuja kushinda naye mchana, alijaribu uji, akajaribu ndizi za kuponda, akajaribu nyimbo za kanisani, na mwishowe akatoka uani kulia. Muuguzi wa zahanati alikuja, akambana ngozi ya mkono na kuiachia, nayo ikabaki imesimama. Akasema katika umri ule mwili hauna akiba, Alida ahesabu siku. Alida alimshukuru na kumsindikiza mpaka getini, kisha akakaa ndani ya gari lililozimwa kwa nusu saa, mikono kwenye usukani, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Siku ya nne alisema ukweli. Alipiga magoti mbele ya kochi, akaishika ile mikono myepesi. "Mama, Mutsinzi alifariki. Tulimzika pamoja, mimi na wewe."

Kilio kilichomtoka bibi, Alida alikwisha kukisikia mara moja, siku ya msiba, na alikuwa amemshukuru Mungu kwamba hatakisikia tena. Bibi alilia mpaka akalala. Asubuhi aliamka, akajipangusa uso, akauliza mwanawe ameondoka saa ngapi kwenda kazini. Alida akasema tena, maana alikuwa amesikia mahali kwamba ukweli ukirudiwa huzoeleka. Bibi akafiwa upya. Siku ya tatu ya ukweli, bibi hakulia. Alimtazama Alida kwa macho makavu, ya kuchunguza.

"Nani aliyemuua?"

"Hakuna, mama. Ni moyo. Alianguka ofisini."

"Mtu hafi hivi hivi," alisema bibi. "Unanificha." Kisha akasimulia, kwa mara ya elfu, habari pekee ambayo ugonjwa haukuigusa: jinsi alivyovuka mto Akagera akiwa msichana, wamejibanza kwenye mafunjo, risasi zikilia ng'ambo waliyotoka, na mama yake amemziba mdomo kwa kiganja mpaka akaonja chumvi ya jasho. Alipofika mwisho alirudia mwanzo.

Alida hakungoja kumsikiliza mara ya pili. Alikwenda kwenye buti, akautoa mzigo wa karatasi ya saruji, akaenda nao kwa Usumani.

"Nirudishie hivi," alisema.

Usumani alimtazama, akautazama mzigo. "Nirudishe nini?"

"Plagi zilezile. Bomba lile lenye tundu. Nataka gari lilipuke kama lilivyokuwa likilipuka."

"Mama Ihirwe, mimi iko fundi. Miaka arobaini natoa ugonjwa kwa gari. Sijapata kurudisha." Alisema kwa upole, kwa namna mtu anavyosema na aliyepatwa na msiba. "Ile masega imebaki kidogo. Gari itakufa."

"Life."

Akamweleza yote, pale penye mafuta machafu na vumbi la chuma, kuanzia kijiko cha kwanza hadi ngozi iliyosimama. Alisema asichowahi kumwambia mtu: kwamba si bibi peke yake. Kwamba yeye pia, kila jioni pale konani, akiwa ndani ya gari lenyewe, usukani mkononi mwake mwenyewe, aliposikia mshindo ule moyo wake uliruka na kusema amefika. Usumani alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Akachukua spana.

Kabla ya kurudi nyumbani Alida alipita kwa Mukandekezi, kwa sababu hakuweza kumfanyia hivyo kimyakimya. Alitarajia ugomvi na alikuwa tayari kuupokea. Mukandekezi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Saa ngapi kamili?" aliuliza.

"Saa kumi na mbili kasoro kumi. Nitaangalia saa."

"Nikijua linakuja, nadhani naweza. Linaloniangusha ni lile la ghafla." Akajifunga kitenge vizuri. "Nitakwenda kukaa na bibi. Nitamshika mkono, tusikie wote wawili. Pengine nami nitajifunza kwamba ni mtu anarudi nyumbani. Ihangane, mama, jipe moyo. Nenda, kisha uje nalo."

Alida alikwenda kulisubirisha gari juu ya mteremko, mbele ya duka la chumvi na sabuni. Alitazama saa mpaka macho yakamuuma. Ilipofika kasoro kumi akashuka, na kwenye kona akaondoa mguu kwenye mafuta. Sekunde moja, kimya, na akaogopa kwamba Usumani amelihurumia gari badala yake. Kisha, paa! Na baada ya kitambo, paa! Alicheka kwa sauti. Machozi yalikuwa yakimtoka na alikuwa anacheka, na alikanyaga mafuta ili awahi kukiona kile kijiko.

Aliegesha. Akafungua mlango akiwa na maneno yake tayari mdomoni: amefika, mama.

Kochi lilikuwa tupu. Sahani ya ndizi na maharage ilikuwa imepinduka kwenye zulia, na kijiko kilikuwa kando yake. Mutoni alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono kichwani. Ndipo Alida akasikia pumzi za watu kutoka chini.

Walikuwa chini ya meza, wote wawili. Bibi Kabagwira, ambaye wiki nzima hakuwa na nguvu za kuinua kikombe, alikuwa amemkumbatia Mukandekezi kwa nyuma, amemfunika kwa kanga yake, na kiganja chake kimemziba mdomo. Mukandekezi hakujaribu kujitoa. Macho yake yalikuwa wazi, na alipomwona Alida alitikisa kichwa kidogo, mara moja, kama kuomba radhi.

"Mama," alisema Alida. "Ni gari. Ni gari la Mutsinzi."

"Inama!" Sauti ya bibi ilikuwa kali na timamu, sauti ambayo Alida hakuwa ameisikia kwa miaka miwili. "Hukusikia? Wamempiga mwanangu. Risasi mbili. Pale konani. Alikuwa anarudi nyumbani."

"Hapana, mama, amefika..." Lakini neno lile halikwenda popote. Lile jingine, amefariki, alikuwa amelisema mara tatu na sasa alilikuta mbele yake likiwa limepata maelezo yake, saa yake na mahali pake. Yeye ndiye aliyelipeleka kichwani mwa bibi. Kisha akaenda kulitafutia mlio. Kesho jioni bibi atakaa kwenye kochi kumngoja mwanawe, na gari likilia, mwana atauawa tena; lisipolia, hatakuja.

Alipiga magoti. Magoti hayakumtosha, akalala kifudifudi, akaingia nao chini ya meza, kwa kuwa huko ndiko walikokuwa na hakuwa na neno lolote la kuwatoa. Bibi akamvuta karibu kwa mkono uliobaki, mkono wa mifupa mitupu, akamfunika naye kwa upande wa kanga. Alida akauficha uso kwenye bega la Mukandekezi na kilio kikamtoka.

"Shhh. Usilie," bibi alimnong'oneza, akimpapasa kichwa. "Watatusikia."